Wimbo Usio na Moyo: Neno "Cant" la Waingereza, Asili Yake na Somo Lake



Mwinjilisti mmoja wa sharika zetu, apendaye kusoma vitabu vya Kiingereza, alitujia akatuonyesha neno fupi la herufi nne, "cant". Akasema, "Baba Mchungaji, kamusi moja yasema neno hili ni maneno ya dini yasiyo na kweli. Nyingine yasema ni lugha ya siri ya wezi. Tena nimeambiwa ya kwamba asili yake ni kuimba. Yawezekanaje neno moja kuwa wimbo, na wizi, na unafiki?" Sisi tulimjibu upesi ya kwamba maana yake ni unafiki, basi. Akashukuru, akaenda zake.

Lakini jibu lile halikuturidhisha sisi wenyewe. Ndugu yule hakuuliza maana tu, aliuliza njia: neno limetoka wapi, limepita wapi, hata likafika hapa lilipo. Basi tukarudi vitabuni. Tuliyoyaona twayaandika hapa kwa ajili yake, na kwa ajili ya wote wafundishao Neno. Kwa kuwa tumetambua ya kwamba historia ya neno hili yatuhusu sisi tusemao mambo ya Mungu kila siku kuliko watu wengine.

1. NENO LILIANZA KAMA WIMBO

Asili ya "cant" ni neno la Kilatini "cantare", maana yake kuimba. Katika shina hilo hilo Waingereza wana maneno mengine mema. "Chant" ni kuimba kwa utaratibu wa liturgia. "Recant" ni kuyakana mbele ya watu yale uliyoyasema kwanza, kana kwamba mtu aurudisha nyuma wimbo wake. Nalo ndilo neno walitumialo Waingereza wakieleza jambo ambalo Martin Luther alikataa kulitenda mbele ya Kaisari Karolo wa Tano mjini Worms, mwaka 1521. Basi shina lenyewe halina ubaya wo wote.

Je, kuimba kuligeukaje kuwa jambo la aibu? Zamani zile katika nchi za Ulaya maskini walipita mlango kwa mlango wakiomba. Waliomba kwa sauti ya kuvuta, kama ya wimbo: maneno yale yale, kilio kile kile, na jina la Mungu likitajwa kila mara. Si wote waliokuwa wabaya. Luther mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi huko Eisenach, mji aliohamia mnamo mwaka 1498, aliimba milangoni pamoja na wenzake ili apate mkate. Akiisha kuwa mtu mkubwa hakuona haya kulisema. Wimbo wake ulikuwa wa kweli, maana njaa ilikuwapo, na mtoto yule alikuwa mwanafunzi kweli.

Bali katika mlango ule ule alipita na mtu mwingine, mwenye nguvu za kufanya kazi, naye akaimba kwa sauti ile ile. Mwenye nyumba, akiwa ndani, husikia sauti tu. Atawapambanuaje hao wawili? Hapo ndipo neno lilipoanza kuharibika. Sauti haikubadilika, kilichopungua ni ile kweli iliyo nyuma ya sauti.

2. WIMBO UKAWA LUGHA YA WADANGANYIFU

Mnamo mwaka 1510 kilipigwa chapa Ujerumani kitabu kidogo kiitwacho "Liber Vagatorum", yaani Kitabu cha Wazururaji. Kilieleza namna za waombaji wa uongo na hila zao, na mwishoni kilikuwa na orodha ya maneno ya lugha yao ya siri. Luther alikitoa tena mwaka 1528, akakiandikia dibaji. Katika dibaji hiyo alikiri ya kwamba yeye mwenyewe alikuwa amedanganywa na watu wa namna hii kuliko alivyopenda kusema. Akatoa na shauri: kila mji na kila kijiji kiwajue maskini wake, majina yao yaandikwe, nao wasaidiwe. Aliona ya kwamba watu huwapa wageni wenye ufundi wa kulia, huku jirani mwenye shida ya kweli akisahauliwa. Tulikumbuke shauri hili, maana tutalirudia.

Huko Uingereza bwana mmoja wa jimbo la Kent, jina lake Thomas Harman, alitoa kitabu cha namna hiyo mwaka 1567. Ugonjwa ulikuwa umemzuilia nyumbani, akapata nafasi ya kuwahoji waombaji waliofika mlangoni pake. Akajifunza ya kwamba wana lugha yao wenyewe. Mchana huuita "lightmans", usiku "darkmans", na mkate "pannam", neno linalofanana na "panis" la Kilatini. Lugha hiyo, asema Harman, wenyewe huiita "canting". Basi kitendo cha kuomba kwa sauti ya wimbo, na lugha ya siri ya waombaji, vikaitwa kwa neno moja.

Harman asimulia habari za mtu mmoja, Nicholas Jennings, aliyeonekana London akiwa na nguo zilizochakaa na uso uliopakwa damu na tope. Alijifanya mgonjwa wa kifafa, akasema alikuwa amekaa katika hospitali ya Bethlehem, iliyowatunza wenye wazimu. Harman akamhurumia, lakini akapeleka watu kuuliza hospitalini. Jibu likarudi: mtu wa namna hiyo hakukaa hapa. Vijana wakatumwa wamfuate, na alipokamatwa alikutwa na zaidi ya shilingi 13 za siku ile, ujira wa kibarua wa siku nyingi. Baadaye ikajulikana ya kwamba ana nyumba nzuri na mke. Akaadhibiwa mbele ya watu wote. Wahenga walisema kweli: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tutie alama jambo moja kabla ya kuendelea. Lugha ya siri ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuwatambulisha wenzi: asemaye maneno yetu ni mtu wetu. Kazi ya pili ni kuficha: asiyeyajua hataona ndani. Mkristo na ajiulize kama maneno yake ya ibada hayajaanza kufanya kazi hizo mbili.

3. NENO LAINGIA KANISANI

Katika karne ya 17 Waingereza walifarakana sana kwa ajili ya mambo ya dini, hata wakapigana vita. Wako Wakristo waliopenda kuhubiri na kuomba kwa maneno yao wenyewe, nao walikuwa na namna yao ya kusema, yenye misemo mingi ya Maandiko. Adui zao waliwacheka. Wakalichukua neno la waombaji wa uongo wakawatupia: hiyo nayo ni "cant".

Mwanzoni mwa mwaka 1661 fundi mmoja wa kuziba masufuria alisimama mbele ya mahakimu mjini Bedford, ameshtakiwa kwa kuhubiri katika mikutano iliyokatazwa na sheria. Jina lake John Bunyan. Alipoeleza jinsi yeye na wenzake walivyoonjeshwa faraja ya Mungu walipokutana, hakimu alimkatiza. Akayaita maneno yake lugha ya wachuuzi wa njiani, akamwamuru aache "canting" yake. Twaona, basi, jinsi neno lile lile la Harman lilivyotoka mlangoni kwa maskini likaingia mahakamani juu ya kichwa cha mhubiri. Bunyan alikaa kifungoni miaka ipatayo 12.

Hakimu alikosea, maana mtu aliye tayari kufungwa miaka mingi kwa ajili ya maneno yake hasemi maneno matupu. Lakini tazameni jambo la ajabu. Mwaka 1678 Bunyan alitoa kitabu chake cha safari ya Mkristo aendaye mji wa mbinguni, kilichofasiriwa katika lugha nyingi, na Kiswahili pia. Humo alimweka mtu aitwaye Talkative, yaani Mwenye-maneno-mengi. Mtu huyu yu tayari kuzungumza habari za toba, na imani, na kuzaliwa mara ya pili, mahali po pote na wakati wo wote. Lakini nyumbani kwake hakuna sala wala dalili ya toba. Yule aliyeshtakiwa kwa "cant" ndiye aliyetuchorea sura yake. Hakuwajibu wadhihaki wake kwa kusema, "Kwetu jambo hilo halipo." Alijua ya kwamba lipo, akawaonya watu wake mwenyewe.

Tena liko kosa la pili la kutupia neno hili ovyo. Mwaka 1711 mwandishi Richard Steele aliandika katika gazeti la "The Spectator" ya kwamba neno "cant" limetokana na jina la mchungaji wa Uskoti, Andrew Cant, ambaye alihubiri kwa maneno yasiyofahamika ila na usharika wake, tena si wote. Hadithi hii ilichekesha, watu wakaipokea. Lakini haikuwa kweli. Tumeona ya kwamba Harman aliliandika neno hili mwaka 1567, kabla Andrew Cant hajazaliwa. Mchungaji huyo alifariki mwaka 1663, hakuwapo kujitetea. Basi neno lililotungwa kuwafunua wasemao pasipo kweli lilitumiwa kusema jambo lisilo kweli juu ya mtu. Amri ya nane tunaijua sote, na Katekisimo Ndogo imetufundisha kutafuta maana iliyo njema katika mambo ya jirani.

4. SHAURI LA DAKTARI JOHNSON

Samuel Johnson alitoa kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza mwaka 1755. Katika neno hili aliziweka maana zote pamoja: lugha ya wazururaji, na maneno yaliyo mahususi kwa kundi fulani la watu, na kujidai wema kwa sauti ya kulialia na maneno ya kujifanya. Maana hii ya mwisho ndiyo iliyokaa zaidi.

Siku moja ya mwezi wa Mei, mwaka 1783, Johnson alizungumza na rafiki yake James Boswell, akamshauri aisafishe akili yake na "cant". Maelezo yake yana faida kubwa. Alisema mtu aweza kumwambia mwenzake ya kwamba yeye ni mtumishi wake mnyenyekevu, hali si mtumishi wake. Aweza kusema kwamba amehuzunishwa na nyakati mbaya, hali hakukosa usingizi. Maneno ya namna hiyo ni desturi ya kukaa na watu. Hatari yenyewe ni mtu kuanza kufikiri kwa maneno hayo, hata akajidanganya mwenyewe.

Sisi wasemaji wa Kiswahili twaweza kulifahamu jambo hili upesi. Mtu mwenye homa akiulizwa, "Hujambo?" hujibu, "Sijambo," ndipo aeleze homa yake. Hakusema uongo. Ametimiza heshima ya salamu, na aliyemsalimu ajua. Adabu si "cant". Lakini kama mgonjwa yule, kwa kurudia "sijambo", angefika kuamini ya kwamba hana homa, asitafute dawa, angekufa na "sijambo" mdomoni.

5. TOFAUTI YA NENO HILI NA UNAFIKI

Sasa twaweza kumjibu ndugu yetu vizuri zaidi. Neno letu "mnafiki" latoka Kiarabu. Katika Agano Jipya limewekwa mahali pa neno la Kiyunani ambalo asili yake ni mchezaji wa mchezo wa kuigiza, avaaye sura isiyo yake. Mchezaji anajua ya kwamba amevaa. Jennings naye alijua ya kwamba damu ile si ya jeraha. Huo ndio unafiki ulio wazi.

Bali "cant" yaweza kumshika mtu asiyekusudia kudanganya. Huanza na neno jema, lililosemwa kwanza na mtu mwenye moyo uliowaka. Likasemwa tena, likapendwa, likawa alama ya watu wa Mungu. Mwisho latoka mdomoni lenyewe, kama wimbo ambao mtoto aujua sauti asijue maana. Mtu asema, "Nimebarikiwa sana na hotuba," na ukimwuliza ilihusu nini, hana la kusema. Hakukusudia uongo, ameimba tu. Nabii Ezekieli alionywa juu ya jambo hilo, katika sura ya 33 na aya ya 32: watu walimsikiliza kama mwimbaji mwenye sauti nzuri, wala hawakuyatenda aliyoyasema. Mtume Yakobo naye, sura ya 2, aya ya 15 na 16, asema juu ya mtu amwambiaye ndugu aliye uchi na njaa maneno ya amani na ya kushiba, asimpe kitu. Maneno yale hayana kosa. Kosa lake ni kwamba yalikwenda peke yake.

6. HABARI YETU WENYEWE

Haitupasi kuwachora wengine na kujificha wenyewe. Siku moja baada ya ibada mama mjane alitueleza ya kwamba mwanawe ni mgonjwa. Watu walikuwa wengi mlangoni, na safari ya mtaa mwingine ilikuwa ikitungoja. Tukamshika mkono tukasema, "Pole, Mama. Tutamkumbuka katika maombi." Maneno hayo tumeyasema mara nyingi mno, hata hutoka bila kuitwa.

Baada ya majuma mawili akaja, ana kuku mkononi. "Baba Mchungaji," alisema, "mtoto ameinuka. Usiku ule alipozidiwa nilijiambia: sikeshi peke yangu, Mchungaji naye anamwombea."

Ndugu, hatukuwa tumeomba. Jina la mtoto tulikuwa tumelisahau kabla ya kufika mwisho wa njia. Tungaliweza kumpokea kuku na kusema, "Bwana asifiwe," na maneno hayo yangalikuwa kweli kwa habari ya Bwana, na uongo kwa habari yetu. Tukamwambia kweli. Alinyamaza kitambo, akitazama chini. Kisha akasema, "Basi tuombe sasa, Baba. Nitawatajia jina lake tena." Kuku tulimrudishia, akakataa.

Siku hiyo tulielewa maana ya kuimba mlangoni pa mtu. Mama yule alikuwa maskini wa fedha, lakini sisi ndio tuliokuwa waombaji wa uongo: tulipokea tumaini lake, nasi tukampa sauti tu.

7. DAWA YAKE

Wengine watasema, na tuyaache maneno yote ya desturi. Hapana. Mwenye njaa wa kweli hakuacha kuimba kwa sababu mwizi aliimba pia. Wala sisi hatuwezi kuacha kusema "neema" na "toba" kwa sababu yamesemwa ovyo. Na maneno mapya nayo yatazoeleka. Kwa hiyo twashauri mambo matatu.

Kwanza, neno liambatane na tendo, na jina, na siku. Shauri la Luther la kuandika majina ya maskini lilitufaa: tangu siku ile tuna daftari dogo mfukoni. Tukisema, "Tutakuombea," twaandika jina papo hapo mbele yake, au twaomba naye tukiwa tumesimama pale pale. Tusipoweza, twasema "Pole" tu, na pole hiyo ni ya kweli.

Pili, mwalimu alijaribu kila neno lake kwa mtu asiyezoea lugha yetu. Ukifundisha kipaimara, mwulize mtoto, "Neema ni nini?" Akijibu kwa maneno ya kitabu, msifu, kisha mwambie aeleze kana kwamba anamweleza nyanya yake ambaye hajabatizwa. Asipoweza, usimkemee yeye. Jaribu wewe kwanza.

Tatu, neno hili tulishike kama kioo, tusilishike kama jiwe. Hakimu wa Bedford alilitupa, akampiga mtu wa kweli. Steele alilitupa, akampiga marehemu. Bunyan alilitazama, akawafundisha watu vizazi vingi.

MASWALI YA KUFIKIRI PAMOJA

1. Ni maneno gani ya dini ambayo sisi katika usharika wetu huyasema bila kuyafikiri? Tajeni matatu.
2. Kuna tofauti gani kati ya adabu ya salamu na maneno matupu ya ibada?
3. Someni Ezekieli 33:30-33 na Yakobo 2:14-17. Katika kila mahali, ni nini kilichokosekana?
4. Je, yuko mtu uliyemwahidi sala, ziara au msaada, naye bado anangoja? Jina lake nani?

Swali la nne lisijibiwe mkutanoni. Kila mtu alijibu njiani akirudi nyumbani. Na kama nyumba ya mtu yule i karibu, na apitie.

Bwana atupe midomo mifupi na mioyo iliyojaa. Amina.